SOMO KWA VYAMA WANACHAMA: MOSHI WA LORI LA CHAMA NA GHARAMA YAKE



Mkulima wa milima ya Usambara hufanya kazi yake juu, lakini bei ya mazao yake huamuliwa chini. Kabichi ya Lukozi, karoti ya Shume, viazi vya Malindi na nyanya za mabonde ya Soni hazina thamani yake kamili mpaka zimefika sokoni, na soko kubwa liko Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300. Baina ya mkulima na soko hilo kuna chombo kimoja tu, nacho ni lori. Lori likilala njiani, kabichi hailali, huoza. Kwa hiyo chama chenye lori lake, au chenye mkataba na mwenye lori, kinapaswa kulifahamu lori hilo kama kinavyolifahamu ghala lake na daftari lake.

Somo hili linahusu jambo moja ambalo siku hizi linawasumbua wenye malori wengi: moshi wa dizeli, vyombo vilivyowekwa na viwanda ili kuusafisha, na sheria zinazouhusu. Shabaha ya somo ni kumwezesha Katibu na wajumbe wa Bodi kujibu swali ambalo fundi huwauliza ghafla, lori likiwa limekwama na mazao yakiwa juu yake: "Niung'oe mfumo huu wa moshi, au niutengeneze?" Swali hilo halifai kujibiwa kando ya barabara, na halifai kujibiwa na dereva peke yake.

1. MOSHI UNATOKA WAPI

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama injini ya petroli. Pistoni hukandamiza hewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo inakuwa ya moto sana. Ndipo nozeli inaponyunyiza dizeli kama ukungu mwembamba, nayo hushika moto yenyewe. Hiyo ndiyo kanuni aliyoiombea hataza Mjerumani Rudolf Diesel mwaka 1892, na mpaka leo haijabadilika.

Ili dizeli iungue yote, mambo matatu yanahitajika: hewa ya kutosha, ukungu mwembamba wa mafuta, na joto la kutosha. Likipungua mojawapo, sehemu ya dizeli huungua nusu nusu na kugeuka masizi. Masizi hayo ndiyo moshi mweusi tunaouona. Basi moshi mweusi ni dizeli ambayo chama kimeilipia na ambayo haikusukuma lori hata hatua moja.

Milima yetu huongeza tatizo hili. Mombo ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari; Lushoto ni takriban mita 1,400, na mashamba ya Shume yako juu zaidi. Kadiri tunavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Pale Lushoto, injini ikivuta pumzi moja hupata hewa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi kuliko pale Tanga mjini. Injini yenye turbo nzima hujaribu kufidia upungufu huo. Injini yenye turbo iliyochoka, au yenye chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la barabara zetu, haiwezi. Dereva naye akilazimisha gia kubwa katika kona za kupanda kutoka Mombo kwenda Soni, huku amepakia saruji na mbolea kupita kiasi, injini humiminiwa mafuta isiyo na hewa ya kuyachomea. Matokeo yake kila mtu anayesimama kando ya barabara ile ameyaona, na ameyavuta puani.

2. RANGI TATU ZA MOSHI

Katibu hahitaji kuwa fundi ili aulize swali la maana. Inatosha ajue rangi.

Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Angalia kwanza chujio la hewa, kisha nozeli, kisha mabomba ya turbo kama yanavuja, kisha pampu. Angalia pia uzito wa mzigo.

Moshi wa buluu: injini inaunguza oili. Aghalabu ringi za pistoni zimechakaa, au turbo inavujisha oili. Kama kiasi cha oili kinapungua kila wiki, hapana shaka tena.

Moshi mweupe: ama dizeli inatoka bila kuungua, ama maji yanaingia katika silinda kwa sababu ya gasketi iliyoungua. Lakini tusiogope bure. Asubuhi ya baridi ya mwezi Julai, lori lililolala Magamba litatoa moshi mweupe kwa dakika chache, nao utakwisha injini ikipata moto. Moshi mweupe usiokwisha ndio wa kuitiwa fundi.

3. VYOMBO VYA KUSAFISHA MOSHI

Malori yaliyotengenezwa zamani yalikuwa na bomba la moshi na kizuia kelele tu. Malori ya karibuni yana vyombo vitatu zaidi, na inafaa tuvieleze kimoja kimoja.

Cha kwanza ni njia ya kurudisha moshi, ambayo mafundi huiita EGR. Sehemu ndogo ya moshi hurudishwa ndani ya injini ili kupunguza ukali wa joto. Joto likizidi sana, naitrojeni iliyomo hewani huungana na oksijeni na kufanya gesi zenye kudhuru mapafu. Kasoro ya chombo hiki ni kwamba vali yake hujaa masizi na kukwama.

Cha pili ni chujio la masizi, liitwalo DPF. Ni kama sega la nyuki la udongo mgumu, lililofungwa ndani ya kopo la chuma katikati ya bomba la moshi. Masizi hunaswa humo. Chujio likikaribia kujaa, kompyuta ya gari hupandisha joto la moshi hadi kiasi cha nyuzi 600 za Selsiasi, masizi yakaungua na chujio likafunguka tena. Kazi hiyo inahitaji lori liende mwendo mrefu bila kusimama simama.

Cha tatu ni mfumo wa maji ya urea, ambayo yanauzwa kwa majina kama AdBlue. Maji hayo yana urea safi asilimia 32.5, na yaliyobaki ni maji yaliyotolewa madini yote. Yakinyunyizwa katika moshi wa moto hutoa amonia, na amonia hiyo hugeuza gesi zile mbaya kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Hapa tunatoa onyo maalumu, kwa kuwa sisi ni watu wa mashamba. Ghala la chama lina mifuko ya mbolea ya urea, na hatakosekana mtu wa kusema, "Urea ni urea, tuikoroge katika ndoo tumalize gharama." Jambo hilo lisifanyike. Mbolea ina uchafu na chembe ambazo mmea hauzijali, lakini ambazo huziba nozeli ya urea na kuharibu chombo chenyewe. Kadhalika maji ya mto au ya bomba yasitiwe katika tangi hilo. Lita chache za akiba zitaleta hasara ya kifaa kizima.

4. SHERIA NA VIWANGO VILIVYOLETA VYOMBO HIVI

Vyombo hivi havikubuniwa kwa ajili ya kumtesa mwenye lori. Mwaka 1999 Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwaonyesha waandishi wa habari chupa yenye masizi meusi ya dizeli, ili watu waone kile wanachokivuta. Kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na majimbo matatu jirani yalikataza malori ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi kupita katika maeneo yao. Lori ambalo halikuweza tena kufanya kazi Tokyo lilibaki na thamani kwa mnunuzi wa mbali tu. Hivyo amri iliyotolewa Tokyo ilikuwa na uzito hata katika kona za Soni, kwa maana sisi ni wanunuzi wa malori yaliyotumika Japani.

Ulaya nayo iliweka ngazi za viwango kwa malori: Euro I mwaka 1992, kisha ngazi baada ya ngazi mpaka Euro VI mwaka 2013. Mwezi Juni 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Jambo hili linamhusu kwanza dereva, kisha utingo, kisha wapakiaji wanaosubiri nyuma ya lori linalonguruma, kisha mama anayeuza mapeasi kando ya barabara.

Hapa kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hulitaka gari liwe katika hali nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, ziliuingiza moshi wa magari katika mambo yenye kipimo. Nchi jirani zimefuata njia ya umri: Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda mwaka 2018 iliweka mpaka wa miaka 15. Tanzania haikuweka marufuku ya namna hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa.

La muhimu kuliko yote kwetu ni mafuta. Dizeli ina salfa, na salfa ni adui wa vyombo vya kusafisha moshi. Kuanzia Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni moja. Kabla ya hapo, kulileta huku lori lenye chujio la masizi ilikuwa ni kama kumvalisha mtu viatu vyeupe na kumpitisha matopeni. Leo sababu hiyo imepungua nguvu, mradi dizeli inayoingia katika tangi la chama ni dizeli kweli.

Neno "mradi" lina uzito. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalichanganywa katika dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, na pampu na nozeli zikilika, ukungu mwembamba hugeuka matone, na matone hugeuka masizi. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta ili yatambuliwe, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke.

5. MALALAMIKO YA WENYE MALORI

Wenye malori wanalalamika, na si haki kuwanyamazisha kwa kuwatajia sheria. Tuyapime malalamiko yao.

Wanasema vipuri ni ghali. Ni kweli. Chujio la masizi lina madini ya thamani ndani yake, na bei yake inaweza kuzidi bei ya matairi kadhaa.

Wanasema mafundi wenye kompyuta ya kusoma hitilafu ni wachache, na wako mjini. Ni kweli. Taa ya njano ikiwaka katika dashibodi pale Mtae, hakuna wa kuisoma, na magari mengine hupunguza nguvu yenyewe mpaka yatengenezwe. Lori lililopunguza nguvu katika mlima ni mzigo ulioharibika.

Wanasema mifumo hii haikutengenezwa kwa njia zetu. Hapa pana ukweli nusu. Lori linalokusanya mazao kijiji kwa kijiji, likienda polepole na kusimama kila mara injini ikiwa inanguruma, halipati joto la kuchoma masizi. Kadhalika lori letu hushuka likiwa na mzigo, na katika kushuka injini haichomi mafuta mengi. Moshi wake ni wa baridi. Lakini lori hilo hilo likifika Mombo na kushika barabara kuu ya kwenda Chalinze, hupata saa nyingi za mwendo mmoja, na hapo chujio linaweza kujisafisha vizuri. Kwa hiyo ubaya hauko katika chujio peke yake, bali katika kutolinganisha lori na kazi.

Wanasema, mwisho, kwamba viwanda vyenyewe havina uaminifu. Hilo nalo haliwezi kukanushwa. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika magari yapatayo milioni 11. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ulaya iliwatoza watengenezaji wa malori faini ya karibu euro bilioni 3, kwa kuwa kwa miaka 14 walipatana kwa siri juu ya bei, na juu ya namna ya kumtwisha mnunuzi gharama za vyombo vya kusafisha moshi. Mwezi Machi 2022 Hino ya Japani ilikiri kughushi takwimu za majaribio ya moshi na ya matumizi ya mafuta ya baadhi ya injini zake. Mkulima anayeambiwa afuate kiwango ana haki ya kukasirika akisikia kwamba mwenye kiwanda hakukifuata.

Ila hasira si hesabu. Wengi hukata shauri la kung'oa: kopo la chujio hukatwa, matumbo yake hutolewa, likachomelewa tena, na kompyuta hudanganywa isiwashe taa. Jambo hili halifanyiki kwetu tu. Mwaka 2020 wakaguzi wa mazingira wa Serikali ya Marekani walikadiria kuwa malori madogo ya dizeli zaidi ya 550,000 yalikuwa yameondolewa mifumo yake ya moshi katika muda wa miaka kumi hivi.

Tunasema nini sisi? Tunasema kwamba chujio la masizi halijai upesi bila sababu. Likijaa kila baada ya wiki mbili, linashitaki: nozeli inavuja, au turbo inapitisha oili, au hewa haitoshi, au oili iliyotiwa si ya aina inayotakiwa na injini hiyo na inaacha majivu yasiyoungua. Mwenye kung'oa chujio bila kutafuta sababu amemfukuza shahidi na kumwacha mwizi ndani ya nyumba. Lori litakwenda, na kwa majuma machache kila mtu atasifu. Lakini nozeli inayovuja itaendelea kumwaga dizeli, mpaka siku pistoni itakapotoboka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. HESABU YA CHAMA CHA MFANO

Tuchukue chama cha mfano. Lori lake hufanya safari 40 kwa mwaka kwenda Dar es Salaam na kurudi, tuseme kilomita 700 kila safari. Likiwa zima hutumia lita 200 kwa safari, yaani kilomita 3.5 kwa lita. Chujio la hewa likachakaa na nozeli mbili zikaharibika. Dereva akaona moshi lakini hakuna aliyeandika. Matumizi yakapanda hadi lita 220, yaani chini kidogo ya kilomita 3.2 kwa lita.

Hasara ya safari moja: lita 20.
Hasara ya mwaka: lita 20 mara 40, sawasawa na lita 800.

Lita 800 ni dizeli ya safari nne kamili za Dar es Salaam. Safari hizo zimelipiwa na wakulima, na hazikubeba hata kabichi moja. Ili kupata fedha, Katibu azidishe lita 800 kwa bei ya dizeli iliyotangazwa na EWURA kwa mwezi husika, kisha alinganishe na gharama ya kupima na kutengeneza nozeli. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wanachama. Atakayesema baada ya hapo kwamba chama hakina fedha za matengenezo, aulizwe fedha za moshi zilitoka wapi.

7. YATUPASAYO KUFANYA

(a) Daftari la lori. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila safari iandikwe: tarehe, namba ya mita ya kilomita, lita zilizotiwa, kituo cha mafuta, namba ya stakabadhi, uzito wa mzigo, na rangi ya moshi. Tangi lijazwe kabisa kila mara, la sivyo hesabu ya kilomita kwa lita haitakuwa ya kweli. Matumizi yakipanda kwa safari tatu mfululizo bila sababu ya mzigo, lori liende kwa fundi kabla ya safari ya nne.

(b) Mafuta. Chama kinunue dizeli katika kituo kinachotoa stakabadhi halali, wala si katika madumu ya njiani hata kama bei yake inavutia. Chujio la dizeli libadilishwe kwa kilomita zilizowekwa na kiwanda, na maji yanayokusanyika chini yake yatolewe.

(c) Hewa na oili. Msimu wa kiangazi chujio la hewa likaguliwe kila wiki. Oili inunuliwe kwa aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Lori lenye chujio la masizi linahitaji oili yenye majivu kidogo.

(d) Dereva. Afundishwe kuchagua gia mapema kabla ya mlima, na kuzima injini wakati wa kupakia. Taa ya chujio ikiwaka wakati yuko barabara kuu, asizime injini ovyo katikati ya kazi ya kujisafisha. Asilaumiwe kwa kutoa taarifa ya hitilafu. Dereva anayelaumiwa leo atanyamaza kesho.

(e) Kununua lori. Kwanza Bodi ijiulize lori ni la kazi gani. Kwa kukusanya mazao vijijini peke yake, lori lenye injini sahili iliyotunzwa vizuri laweza kufaa kuliko lori la kisasa ambalo hakuna wa kulitengeneza. Kwa safari ndefu za Dar es Salaam au Tanga, lori safi zaidi lina nafasi ya kufanya kazi yake. Siku ya ukaguzi, injini iwe ya baridi. Ufunguo ukifunguliwa, taa za onyo ziwake kisha zizimike. Taa ya mfumo wa moshi isiyowaka kabisa ni dalili kwamba mtu ameigusa. Injini ikiwa bado ya baridi, pitisha kidole ndani ya ncha ya bomba la moshi: lori lenye chujio zima huacha kidole karibu kisafi. Angalia kopo la chujio kama lina alama za kuchomelewa. Na kabla ya kulipa, Bodi ijue kwa hakika ni fundi gani atakayelihudumia lori hilo, kwa kifaa gani, na vipuri vitatoka wapi.

(f) Uamuzi wa kuondoa chombo chochote. Lori si la dereva, si la Mwenyekiti, wala si la fundi. Hakuna sehemu ya mfumo wa moshi itakayoondolewa bila fundi kueleza kwa maandishi chanzo cha hitilafu, bei ya kutengeneza, na madhara ya kutotengeneza; bila Bodi kujadili na kuandika uamuzi katika kumbukumbu zake; na bila wanachama kuarifiwa katika Mkutano Mkuu. Mazao yakiwa njiani na lori likiwa limekwama, kazi ya kwanza ni kukodi gari la kuyafikisha mazao sokoni. Kisha lori litazamwe kwa utulivu. Maamuzi mabaya mengi hufanywa na watu wanaoitazama kabichi ikinyauka.

(g) Vyama kushirikiana. Kompyuta ya kusoma hitilafu ni ghali kwa chama kimoja, lakini si ghali kwa vyama kumi. Vivyo hivyo kumpeleka kijana mmoja wa hapa kujifunza ufundi wa mifumo hii. Kama ushirika uliweza kututoa katika mikono ya walanguzi wa mazao, waweza pia kututoa katika mikono ya anayeshika nyundo kwa kuwa hana kipimo.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Lori letu, au lori tunalolikodi, hutoa moshi wa rangi gani linapopanda kutoka Mombo? Nani ameandika, na tangu lini?

2. Lilitumia lita ngapi katika safari tano zilizopita? Kama hatuwezi kujibu, ni nani mwenye wajibu wa kujua?

3. Je, lori letu lina chujio la masizi au mfumo wa urea? Kama vimeondolewa, uamuzi huo uko katika kumbukumbu za mkutano upi?

4. Wapakiaji wetu husimama wapi injini ikiwa inanguruma, na je, kuna ulazima wa kuiacha ikinguruma?

5. Ni vyama gani jirani tunavyoweza kushirikiana navyo katika kupata kifaa cha kupimia na fundi wa kukitumia?

Katibu anaombwa kulisoma somo hili katika kikao kijacho cha Bodi, dereva akiwepo, na daftari la lori likiwa mezani. Kama daftari hilo halipo, basi kikao kianze kwa kulinunua.